Filamu fupi ya vikaragosi inapokwama: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza filamu fupi ya vikaragosi kwa kupiga picha moja baada ya nyingine: anakisogeza kikaragosi kidogo, anakipiga picha, anakisogeza tena, mpaka picha zikiunganishwa kionekane kinatembea chenyewe. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu hivyo ndivyo matatizo yanavyotufikia. Mtu hasemi kwamba tundu la lenzi yake halirudi mahali pake, husema mwanga unachezacheza. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, pamoja na ukaguzi usiohitaji fedha wala vifaa, kisha nikaingia katika marekebisho yanayodai muda.

Mifano mingi nimeichukua katika filamu ya dakika 3 niliyoitengeneza juu ya meza chumbani kwangu, Dar es Salaam: bibi ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mjukuu anadokoa, na paka anawatazama wote wawili. Utaona kwamba mara kwa mara nakurudisha kwenye karatasi na penseli, hata pale ambapo dalili inaonekana kuwa ya kamera. Nafanya hivyo kwa sababu kasoro nyingi za picha huwa zimeshaamuliwa siku mtu alipokadiria urefu wa filamu, alipochagua uzito wa kichwa cha kikaragosi, au alipoiweka meza karibu na dirisha.

Siku zinapita na filamu haisongi mbele

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote, na hutoka kwa watu wenye bidii. Mtu amepiga picha kwa wiki tatu, ana sekunde 40 mkononi, na ameanza kuichukia kazi aliyoipenda.

Chanzo cha kawaida ni hesabu ambayo haikufanywa mwanzoni. Sinema huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, lakini katika vikaragosi tunaweza kupiga picha 12 kwa sekunde na kila moja ikaonyeshwa mara mbili, na jicho likaridhika. Kwa kipimo hicho, dakika 3 ni sekunde 180, nazo ni picha 2,160. Ukimudu sekunde 5 kwa siku, yaani picha 60, unahitaji siku 36 za kupiga picha tu, bila kuhesabu kujenga seti, yaani mandhari ndogo ya kupigia picha, kushona nguo na kuhariri. Ukiamua kupiga picha 24 kwa sekunde, idadi inapanda hadi 4,320 na siku zinakuwa 72 ikiwa kasi yako ya mkono haibadiliki. Fanya hesabu hii kwa kasi uliyoipima mwenyewe: tenga siku moja, piga sekunde chache za majaribio, kisha uone umefika wapi jioni.

Chanzo cha pili ni hadithi yenye watu wengi. Kila kikaragosi kinachoonekana ndani ya picha lazima kiguswe au kiachwe kimesimama kwa makusudi, na vitatu vikisogea pamoja kazi ya kila picha ni mara tatu. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na watu watano na sehemu ya sokoni. Nilipoketi na hesabu, soko lilibaki kuwa sauti tu inayosikika nje ya dirisha la jikoni: wito wa muuza samaki, kengele ya baiskeli, basi. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeniuliza soko liko wapi.

Chanzo cha tatu ni kuruka hatua ya animatiki, yaani michoro ya storibodi (hadithi iliyochorwa picha kwa picha) iliyopangwa kwa muda wake halisi pamoja na sauti za muda. Michoro inaweza kuwa ya vijiti tu. Ipige picha kwa simu, iunganishe, soma mazungumzo kwa sauti yako, kisha mwonyeshe mtu ambaye hajui hadithi na usimweleze lolote. Pale anapouliza "sasa huyu anafanya nini?" ndipo pa kurekebisha, na kurekebisha hapo kunagharimu dakika kumi, wakati kasoro hiyohiyo baada ya kupiga picha ingekugharimu siku tatu.

Iwapo baada ya kukata yote yanayokatika bado siku zinazohitajika zinazidi siku ulizonazo, usianze kupiga picha. Punguza filamu hadi dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu iliyokamilika inaweza kuonyeshwa kwa watu, na vipande vya filamu ndefu iliyoachwa njiani haviwezi.

Mwendo unaonekana wa kushtukashtuka, au kikaragosi kinateleza kama kiko juu ya barafu

Kwanza kagua nafasi kati ya picha na picha. Anayeanza husogeza mkono kwa kipimo kilekile kila mara, kwa mfano milimita 5, kuanzia mwanzo wa tendo hadi mwisho. Mwili wa mtu hauendi hivyo. Mkono huanza polepole, hushika kasi katikati, hupungua unapokaribia kufika. Sogeza milimita 1, kisha 3, kisha 6, kisha urudi chini vivyo hivyo, na utaona uzito umeingia mkononi.

Pili, kagua kama kuna mapumziko. Kikaragosi kinachosogea kila fremu bila kutulia humchosha mtazamaji, naye hajui atazame wapi. Mpe bibi robo ya sekunde ya kutulia kabla hajageuza kichwa, yaani picha 3 ambazo hukusogeza chochote isipokuwa labda kope. Utulivu huo nao uandikwe kwenye jedwali la fremu, yaani karatasi inayoorodhesha kila picha na kinachotendeka ndani yake, kwa sababu usipoandikwa mkono wako utaujaza kwa mwendo usio na maana.

Tatu, kama hayo mawili yako sawa, basi muda wenyewe ulikadiriwa kwa kichwa. Dawa yake ni kuigiza. Nilichukua kifuu na mbuzi, nikakuna nazi halisi mbele ya simu inayorekodi, kisha nikahesabu. Mkuno mmoja ulichukua takribani nusu sekunde, yaani picha 6, na haukugawanyika sawa: kushuka, ambako meno ya mbuzi yanakula nazi, kulichukua picha 4, na kupanda kukachukua 2. Nilikuwa nimepanga 3 kwa 3. Tofauti hiyo ya picha moja ndiyo iliyofanya bibi aonekane anakuna kweli badala ya kupunga mkono juu ya mbuzi.

Kwa tendo la haraka sana, kama paka kuruka, au kamera inaposafiri kuvuka seti, picha 12 kwa sekunde huenda zisitoshe. Pandisha hadi 24 kwa tendo hilo pekee, kisha urudi 12.

Mwanga unachezacheza kutoka picha hadi picha

Hapa tukae kidogo, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vingi, na watu hununua taa mpya wakati kosa liko kwenye shati walilovaa.

Kabla ya kubadilisha chochote, fanya majaribio mawili. La kwanza: zima feni, funga mlango, usiguse kitu, na upige picha 20 mfululizo ukiwa umesimama palepale. Ziunganishe uzitazame. Kama mwanga unachezacheza hata hapo, kosa liko kwenye kamera, taa au umeme. La pili: piga picha 20 nyingine, lakini kila baada ya picha uende mezani, uiname kana kwamba unasogeza kikaragosi, kisha urudi. Kama picha za jaribio la kwanza zilitulia na za pili zinacheza, kosa ni mwili wako.

Tuanze na kamera. Chanzo cha kwanza kwa wingi ni mipangilio ya kujiendesha. Kamera au simu ikiachiwa ijipangie mwangaza, rangi na fokasi, itafanya uamuzi mpya kwa kila picha. Weka vyote kwa mkono: kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), tundu la lenzi, wepesi wa sensa kupokea mwanga (ISO), kipimo cha rangi nyeupe na fokasi. Kwenye simu tumia programu inayoruhusu kuvifunga vyote, na uiweke simu katika hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikiita katikati ya kazi hutetemeka na kusogea, na fremu zote zinazofuata hazitalingana na zilizotangulia.

Chanzo cha pili ni jua. Chumba kinachoonekana hakina jua bado kinabadilika wingu linapopita, na picha inayochukua dakika mbili kuandaliwa haina ulinzi dhidi ya wingu la dakika moja. Pazia la kawaida halitoshi. Ziba dirisha kwa maboksi, kisha kitambaa cheusi kizito juu yake, halafu zima taa zote mchana na usimame humo kwa dakika tano mpaka macho yazoee giza. Ukiona mstari wa mwanga popote, kamera nayo inauona.

Chanzo cha tatu ni wewe. Shati jeupe hurudisha mwanga kwenye seti kama kioo, na ukisimama hatua mbili kulia kivuli upande mmoja kinapungua. Vaa nguo nyeusi au za rangi iliyofifia, weka alama sakafuni ya mahali pa kusimama wakati wa kubonyeza, na usimame hapo kila mara. Skrini ya kompyuta igeuzwe isielekee seti, maana ukurasa mweupe ukifunguka unamulika ukuta.

Chanzo cha nne ni umeme. Umeme wa Tanzania na Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupwita mara 100 ndani ya sekunde hiyo. Shata ikifunguka kwa muda mfupi sana, picha moja hudaka kilele cha pwito na nyingine hudaka bonde. Kwa kuwa vikaragosi havisogei wakati wa kupiga, huna haja ya shata ya haraka. Tumia muda mrefu, nusu sekunde au hata sekunde nzima, na mipwito itajichanganya na kuwa mwanga mmoja. Kupanda na kushuka kwa nguvu ya umeme jioni, pale mtaa mzima unapowasha pasi na majiko, ni jambo jingine: hapo stabilaiza husaidia, na kupiga picha usiku wa manane husaidia zaidi. Epuka taa zenye kitufe cha kupunguza mwanga. Zile za bei nafuu huwaka na kuzima kwa kasi ili zionekane zimefifia, na kamera huliona hilo hata kama jicho halilioni.

Chanzo cha tano, ambacho wengi hawakijui, ni tundu la lenzi. Katika kamera nyingi za kubadilisha lenzi, tundu hukaa wazi kabisa unapotazama, hujifunga hadi kipimo ulichochagua kwa kitambo kidogo picha inapopigwa, kisha hufunguka tena. Vipande vyembamba vinavyolifunga, viitwavyo visu, havirudi mahali palepale kwa usahihi kamili kila mara, na tofauti ndogo hiyo inaonekana picha 24 zikipita kwa sekunde. Jaribio lake ni rahisi: weka tundu wazi kabisa, mahali ambapo visu havina haja ya kusogea, upige picha 20. Mwanga ukitulia, umempata mkosaji. Dawa ya kudumu ni lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono, ikifungwa kwa adapta. Wako wanaoilegeza lenzi ya kisasa nusu zamu ili ikose mawasiliano na kamera na tundu libaki lilipo. Inafanya kazi kwa baadhi ya kamera, lakini lenzi ikiwa hivyo haijafungwa na inaweza kudondoka, kwa hiyo usifanye hivyo kamera ikiwa imeinamia sakafu.

Programu za kusawazisha mwanga zipo, nazo huokoa mchezo mdogo wa mwanga unaogusa picha nzima. Taa moja kati ya tatu ikicheza, haziwezi, kwa kuwa upande mmoja wa uso unabadilika na mwingine umetulia.

Hapa kuna mpaka usiopaswa kuuvuka. Ukisikia harufu ya kuungua kwenye ekstensheni, ukigusa plagi ukaikuta ya moto, au taa zikififia kila unapowasha kifaa kingine, zima kila kitu kwenye swichi kubwa na umwite fundi umeme mwenye leseni. Usifungue soketi mwenyewe na usiongeze taa nyingine kwenye waya huo. Seti ya vitambaa, maboksi na povu katika chumba kilichozibwa madirisha hushika moto upesi.

Kikaragosi kinaanguka, kinayumba, au kiungo kinakatika katikati ya tendo

Kama kinaanguka kikiwa kimesimama kwa miguu miwili, angalia kichwa kwanza. Wanaoanza hupenda vichwa vikubwa, na si vibaya, maana uso ndio unaosomwa, lakini kichwa cha plastisini (udongo laini wa kufinyanga) tupu juu ya mwili wa sentimita 22 ni kama nazi juu ya kijiti. Tengeneza kiini cha kichwa kwa povu jepesi au karatasi iliyofinyangwa kwa gundi, kisha upake juu yake ngozi nyembamba. Miguu iwe mikubwa kuliko inavyopaswa kuwa. Mtazamaji haioni kasoro hiyo.

Kama kichwa ni chepesi na bado kinaanguka, tatizo ni kwamba hakijafungwa chini. Kikaragosi kinachotembea husimama kwa mguu mmoja katika sehemu kubwa ya picha zake, na hakuna gundi ya kubandika itakayokishikilia. Zika nati ya M3 (ya skrubu ya milimita 3) ndani ya kila unyayo, toboa sakafu ya plaiwudi mahali mguu utakapokanyaga, kisha kaza skrubu kutoka chini. Hili linataka mpango mapema: sakafu ya seti lazima iwe na uwazi chini yake wa mkono kuingia, na meza isiwe imezibwa. Niliwahi kujenga jiko zuri lenye sakafu ya udongo halisi juu ya meza ya mbao nzito, na nilipofika siku ya kumtembeza mjukuu nikagundua sina njia ya kufika chini yake. Seti hiyo niliivunja yote.

Kukatika kwa viungo kuna vyanzo vitatu kwa mfuatano huu: waya usiofaa, kiungo kifupi mno, na matumizi zaidi ya uwezo wa waya. Waya wa chuma hurudi nyuma ukiupinda, kwa hiyo mkono haubaki ulipouacha. Waya wa shaba hukakamaa kila unapopindwa, kisha hukatika. Alumini laini ndiyo inayofaa: chukua nyaya mbili au tatu za milimita 1.5 uzisokote pamoja, bila kuzibana kupita kiasi. Sehemu za mifupa zifunikwe kwa epoksi ya kufinyanga ili zisipinde, na kwenye kiwiko uache nafasi wazi ya sentimita moja hivi. Nafasi ikiwa ya milimita 3, mpindo wote unaangukia nukta moja na waya unachoka upesi.

Hata hivyo waya wa alumini utakatika siku moja, na hapo ndipo mpango unapokuokoa. Tendo la bibi kukuna nazi lilikuwa la sekunde 8. Hizo ni picha 96, mikuno 16, na kiwiko kinapinda na kunyooka katika kila mkuno, bila kuhesabu mazoezi. Kiliachia kwenye picha ya 71. Mkono ulikuwa bado umeshika kifuu, lakini kutoka kiwikoni kwenda chini ulining'inia ndani ya mkono wa gauni kama kamba. Nilitazama kwa muda kabla sijaelewa kwamba sina mkono wa akiba, na kwamba ule uliokatika nilikuwa nimeubandika begani kwa epoksi. Tangu siku hiyo kila kiungo kinachorudiarudia tendo nakitengeneza viwili au vitatu, na begani naweka kipande cha mrija wa mraba wa shaba njano ambamo mkono unachomekwa na kuchomolewa. Mrija wa mraba, kwa sababu wa duara huzunguka.

Kama filamu yako ina kikaragosi kizito au kinachorukaruka katika sehemu kubwa ya hadithi, waya hautatosha na utahitaji kiunzi cha chuma chenye viungo vya gololi. Usijaribu kukichonga nyumbani bila mashine. Mpelekee michoro yenye vipimo fundi wa mashine ya kukereza.

Mandhari ya nyuma inaruka au kuteleza

Mara nyingi ni kamera iliyoguswa. Bonyeza kwa kompyuta au rimoti, kamwe si kwa kidole. Gandisha miguu ya tripodi sakafuni kwa gundi ya moto au utepe wa karatasi wenye gundi, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake, na upitishe nyaya mbali na njia yako. Kabla ya kuanza tendo, hakikisha unaweza kubadilisha betri bila kuiondoa kamera kwenye tripodi; katika kamera nyingi bati la tripodi huziba mlango wa betri, na betri huisha katikati ya tendo. Pata betri bandia inayochomekwa kwenye umeme, au anza kila tendo na betri iliyojaa.

Kama kamera haikuguswa, seti ndiyo iliyosogea. Kuta za boksi hunyonya unyevu, na katika miji ya pwani ukuta uliouacha umenyooka saa tatu usiku unaweza kuukuta umebenuka asubuhi. Ndiyo maana napanga kila tendo liishe siku hiyohiyo, na likiwa refu nalikata mara mbili kwenye storibodi kwa kubadilisha pembe ya kamera. Plaiwudi iliyopigwa rangi pande zote mbili hutulia zaidi kuliko boksi.

Nguo na nywele zinatetemeka zenyewe, plastisini inalegea

Vidole vyako ndivyo vinavyoonekana. Katika filamu ya *King Kong* ya mwaka 1933, manyoya ya sokwe yanaonekana kama yanachemka kwa sababu yalivurugwa na mikono kila kilipoguswa kikaragosi. Nayo ni kazi ya mabingwa. Chagua kitambaa chembamba chenye maua madogo, kibandike kwa gundi kwenye mwili badala ya kukiacha kining'inie, na ukishike kikaragosi kila mara mahali palepale, ikiwezekana pasipoonekana na kamera. Kanga ya bibi niliikata kutoka leso ya mkononi, kwa kuwa maua ya kanga halisi yangemfunika mwili mzima kwa ua moja. Pindo lake nilitia waya mwembamba ili lisogee pale tu nilipolisogeza. Nywele za katani zipakwe gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji.

Nazi iliyokunwa ilinisumbua zaidi. Nazi halisi ilinyauka chini ya taa ndani ya saa moja, kisha sisimizi wakaja. Nikajaribu sufi, ikawa nzuri machoni lakini kila pumzi yangu iliisogeza. Hatimaye nilibandika sufi kwenye vipande vidogo vya karatasi, malundo kumi ya ukubwa unaoongezeka, nikawa nabadilisha moja kwa jingine sahani ikijaa.

Kuhusu plastisini, joto ndilo adui. Tumia taa za LED zisizochemka, weka kikaragosi kwenye friji kwa dakika kumi kati ya matendo, na uso ukishika alama za vidole ulainishe kwa kijiti kilichopakwa mafuta kidogo. Ukikata povu kwa waya wa moto, au ukitumia epoksi na resini, fanya hivyo nje au penye upepo, na uvae glavu. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, acha kazi hiyo papo hapo, toka nje, na hali isipotulia uende kituo cha afya.

Midomo hailingani na maneno

Karibu kila mara sauti ilirekodiwa baada ya picha. Rekodi mazungumzo kwanza, yahariri mpaka uridhike, kisha uyaandike kwenye jedwali la fremu silabi kwa silabi.

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, na watu hawakitumii. Wanachukua michoro ya midomo iliyotayarishwa kwa Kiingereza, yenye maumbo mengi, kisha wanahangaika kuyapatanisha. Silabi zetu karibu zote huishia na vokali, na vokali ni tano tu. Tengeneza midomo mitano ya a, e, i, o na u, mmoja wa midomo iliyofumbwa kwa m, b na p, na mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Saba inatosha kwa filamu nzima. Konsonanti nyingine ziache zipite, jicho halizidai.

Kosa linalobaki baada ya hapo huwa ni la m inayosimama peke yake kama silabi. Katika "mtoto" kuna silabi tatu, na ile ya kwanza ni midomo iliyofumbwa. Usipoipa walau picha moja au mbili za kwake, mjukuu ataonekana anasema "toto". Kama yote hayo ni sahihi na bado pana ukakasi, tanguliza midomo yote fremu moja kabla ya sauti.

Picha zimepotea au kadi haisomeki

Jaribu kadi kwenye kisomaji kingine na kompyuta nyingine. Ikigoma, acha hapo: usiiformati hata kama kamera inakuomba, usipige picha nyingine juu yake, na usijaribu programu tatu tofauti za kurejesha, kwa kuwa kila kinachoandikwa juu ya kadi kinaweza kufuta picha iliyokuwa bado ipo. Ipeleke kwa mtaalamu wa kurejesha data ikiwa kama ilivyo. Betri ya kamera au ya simu ikivimba nayo usiitoboe wala kuichaji tena. Iweke mbali na seti, juu ya saruji au vigae, na upeleke kifaa kwa fundi.

Kwa kawaida chanzo si kadi mbovu, ni nakala moja tu. Kila jioni, kabla hujazima taa, nakili picha za siku kwenye diski mbili, moja ibaki chumbani na nyingine ilale nyumba tofauti, na kila folda uipe namba ya tendo na tarehe. Fungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho katika kila nakala uone kama zinafunguka. Ndipo uifute kadi.